Nilivyomzibia Mama Madirisha

Chumba changu cha Kariakoo hakikujengwa chini ya ardhi. Kilizamishwa. Mwenye nyumba, mzee wa Kihindi aliyezaliwa ghorofa ya pili ya jengo hilohilo, aliwahi kunionyesha picha ya harusi ya wazazi wake. Maharusi wamesimama mlangoni kwangu, na mlango uko sawasawa na barabara, huhitaji kupanda wala kushuka. Baadaye barabara ikawekwa lami, ikachakaa, ikamwagiwa lami nyingine juu yake, kisha kifusi, kisha zile tofali ndogo za saruji za kutandika. Kila mkandarasi alipandisha, hakuna aliyejisumbua kufukua. Nilipopanga mimi, nilikuwa nashuka ngazi tano kwenda kulala, na vizingiti vya madirisha mawili ya mbele vilikuwa vimelingana na mahali watu wanapokanyaga.

Ukikaa kwenye kiti mle ndani ulikuwa unatazama miguu. Mimi nauza viatu vya mitumba Mchikichini, miguu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sikuona ajabu. Nilishaachana na mke wangu, sikuwa na mtoto wa kuugua kikohozi, na kodi ilikuwa ya kueleweka. Ningekaa hivyo mpaka leo kama mama asingeteleza kwenye migomba kule nyumbani Moshi akaumia nyonga.

Kwetu sisi Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na mama ni wake mpaka mwisho. Wengine wanatoka wanajenga kwingine. Mimi ndiye wa mwisho. Nyumba nilikuwa nimeifunga kwa kufuli nikaja kutafuta maisha mjini, na mama nilimwachia jirani amtazame, jambo ambalo hakuna aliyelisema mbele yangu lakini wote walilisema. Alipoumia, dada yangu mkubwa, ambaye ana nyumba kubwa Mbezi yenye uzio na bustani, alitaka kumchukua. Nikakataa. Nikasema mama hakai kwa mkwe wakati mwanawe wa mwisho yupo hai. Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya kiume kabisa, kisha nikamleta mama kwenye shimo langu.

Nilitarajia atalalamika, lakini wapi. Siku ya tatu nilirudi nikamkuta amesogeza kiti chake hadi dirishani, kiwiko kwenye kizingiti, anatazama nje. Ngazi zile tano alikuwa hawezi kuzipanda bila kushikwa, kwa hiyo dirisha lile ndilo lilikuwa Dar es Salaam yake yote. Aliwajua watu kwa viatu. "Yule wa soli ya kijani amepita mara mbili leo," ananiambia nikiweka chakula mezani. "Amegombana na mtu, anatembea kwa hasira." Au: "Viatu vyenu vya Mchikichini nimeviona. Kimoja kimeachama mdomo. Unawauziaje watu vitu vile, baba?" Mama aliniita baba kila siku, hata akiwa ananigombeza.

Masika ya kwanza maji yalituingilia kwa madirisha hayo. Si mafuriko ya kutangazwa, ni yale maji ya barabarani yanayotafuta pa kushukia, yakaona kwetu kuna nafasi. Yakalowesha godoro na Biblia ya mama. Baada ya hapo nikajenga ukuta mdogo kwa nje, safu mbili za tofali kuzunguka kila dirisha, nikapiga plasta, juu nikaweka kipande cha bati cha kumwaga maji pembeni. Mwenye nyumba alikuja kutazama, mikono nyuma. "Fanya, fanya," akasema. "Lakini mimi silipi." Ukuta ukafanya kazi. Mvua ikinyesha, maji yalipita pembeni yakaenda zake Mnazi Mmoja au yanakoendaga, na mama akawa anayatazama yakipita.

Kuta zile zikawa mabenchi. Nani Kariakoo aone pa kukaa asikae? Mama mmoja muuza machungwa ndiye aliyewahi, akaweka ungo wake pale, mgongo upande wa dirisha la mama, na urafiki ukaanza. Kila asubuhi nilikuwa nasikia nikipiga mswaki:

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba mwanangu. Umechelewa leo."

"Nimechelewa, bibi, machungwa yenyewe yamechelewa kutoka Muheza."

Basi kutwa nzima wanaongea, huyu anamenya, yule anasikiliza. Wateja nao wakajua kuwa ndani mle kuna bibi. Wakawa wanainama, wanaamkia dirishani, mwingine anapitisha kipande cha chungwa katikati ya nondo. Mama, ambaye kijijini alikuwa anakaa siku mbili bila kuona mtu, alikuwa anaamkiwa na watu arobaini kabla ya saa nne. Nilimwona ananenepa. Sikumwambia mtu, lakini nilijivuna moyoni kwamba nimemtunza.

Kisha ikaja Jumapili ya mwizi. Mimi nilikuwa kanisani, mama wa machungwa alikuwa na harusi kwao, na mama alikuwa amesinzia kwenye kiti chake. Mwizi akapitisha mti mrefu wenye ndoano katikati ya nondo, zile nondo za zamani zilizoachana vya kutosha. Mama akafumbua macho akauona mti unatembea chumbani.

"Nilidhani kuna kitu chake kimemwangukia humu," alinieleza. "Nikamuuliza, unatafuta nini, baba? Akasema, samahani bibi."

Akaomba samahani, na mkoba wa mama akaondoka nao. Ndani yake mlikuwa na simu ya mama, miwani yake na kitenge cha kanisani. Mama alikuwa anacheka anaponisimulia. Mimi sikucheka. Niliandika kwenye kundi la familia, na ndani ya dakika tano dada akawa ameshatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, kuhusu mama kuuawa, kuhusu watu watasema nini, kuhusu Mbezi ambako hakuna mtu anayepitisha mti dirishani. Mwisho akasema: "Weka grili ya maana, au mlete mama huku."

Lile neno la mwisho ndilo nililolisikia. Mama akienda Mbezi, mimi ni mtoto wa mwisho niliyeshindwa kazi moja niliyozaliwa nayo. Kwa hiyo sikutaka grili ya maana. Nilitaka kitu ambacho hakitapitisha binadamu wala tone la mvua, ili dada asipate neno la kusema tena maishani.

Kesho yake nikaanza na mama wa machungwa. Nina aibu kuandika hapa nilichomwambia, lakini nimeanza mwenyewe.

"Wewe ndiye unayewaleta," nikamwambia. "Watu wanakaa hapa kutwa wanachungulia ndani, wanajua mpaka tuna sufuria ngapi."

"Kaka, mimi? Mimi jana hata sikuwepo!"

"Ndiyo! Siku usipokuwepo ndiyo wanakuja. Nani amewaambia kama haupo?"

Alinitazama kisu mkononi, chungwa limening'inia ganda. Siku zote alizokaa pale hakuna aliyethubutu kupitisha hata kijiti. Siku moja aliyokosekana, tukaibiwa. Ushahidi wote ulikuwa mbele yangu, nikausoma kinyumenyume. Akafunga ungo wake kwenye khanga. Kabla ya kuondoka aliinama dirishani akasema, "Bibi, mimi nahamia ng'ambo kule, kwenye kibaraza." Mama akamjibu kitu ambacho sikukisikia.

Fundi wa kuchomelea nilimchukua mtaa wa Gerezani. Akapima madirisha, akajikuna kichwa.

"Bosi, hapa weka grili na wavu mnene. Hata kidole hakipiti, na hewa inaingia."

"Weka bati. Lile nene. Ziba."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Mama alikuwa amekaa kitandani, tumesogeza kiti chake kupisha kazi. Akaniita nikamwinamia. "Baba, moja liache," akasema. "Hili la upande wa jua zibeni, sawa. Hili lingine mniachie. Nikisikia mtu nitapiga kelele." Alisema polepole, kama mtu anayeomba kwa mgeni. Nikamwambia mama, mwizi haulizi dirisha la jua ni lipi. Nikamwambia nafanya kwa ajili yake. Nikamwambia atazoea. Kwa kipindi kile "utazoea" lilikuwa neno nililolipenda sana, nadhani kwa sababu si mimi niliyetakiwa kuzoea.

Tulipomaliza nilimwaga ndoo ya maji kwenye kila dirisha kupima. Hata tone. Nikapiga picha nikatuma kwenye kundi, dada akarudisha kidole gumba. Sikuishia hapo. Nikaweka na mlango wa grili chini ya ngazi, wenye kufuli la nje, na asubuhi nikienda kazini nikawa nafunga. Ufunguo wa akiba niliutundika ukutani karibu na kitanda cha mama. Kufuli liko nje, mkono wa mama haufiki, na nyonga ile haimruhusu kusimama muda wa kulihangaikia. Ulikuwa hauna kazi, lakini niliutundika.

Nieleze chumba kilivyokuwa baada ya hapo. Taa iliwaka kutwa. Feni ilizungusha joto lilelile. Sauti za barabarani zilikuwa zinafika kama za mtu anayeongea na mto usoni. Mama alirudisha kiti chake palepale dirishani, kiwiko kwenye kizingiti, akawa anatazama bati. Nilimkuta hivyo jioni ya kwanza, nikamkuta hivyo ya pili. Akaanza kuniuliza saa. Nikimwambia saa kumi na mbili, anauliza, "Ya asubuhi au ya jioni?" Hakuna aliyemwamkia. Shikamoo ya siku ilikuwa yangu peke yangu, nayo nilikuwa naitoa huku natafuta soksi.

Simu nilisema nitamnunulia nyingine mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, ukaanza mwingine.

Masika yalipofika nilikuwa na amani kuliko mwaka wowote. Siku yenyewe ilianza na manyunyu, ilipofika saa sita mbingu ikafunguka. Mchikichini tulikuwa tunakimbizana na maturubai, watu wanaokoa mabelo ya nguo, viatu vyangu vingine vinaelea. Kawaida nilikuwa narudi saa saba kumpelekea mama chakula. Siku hiyo sikurudi. Nakumbuka kabisa nilichowaza nikiwa nimeshikilia kona ya turubai, maji yananiingia mgongoni: mama leo yuko salama kuliko sisi wote.

Mvua ilipopungua, kama saa kumi, nikatembea kwenda nyumbani. Barabarani maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Nilipofika nilitazama kwanza kuta zangu. Zimesimama. Mabati yamekaa. Maji yanapita pembeni kama nilivyopanga. Nilitabasamu, Mungu anisamehe, nilisimama kwenye mvua nikatabasamu, ndipo nikashuka ngazi.

Ngazi ya nne ilikuwa majini.

Maji hayakuja kwa dirisha. Yalipanda kwa ndani, kwenye tundu la bafuni, chemba ya majitaka ya barabarani ilipojaa ikarudisha kila kitu ilichokuwa imekipokea kutoka kwenye jengo zima. Nilifungua kufuli, nikasukuma mlango dhidi ya maji. Umeme ulikuwa umekatika. Kulikuwa na giza la usiku saa kumi mchana, na harufu ambayo sitaieleza. Nikaita. Mama akaitika, "Niko huku," kwa sauti imekwaruzika.

Alikuwa kitandani, amekunja miguu, maji yamefika kwenye godoro. Mkononi alikuwa bado ameshika kifuniko cha sufuria, kimepinda.

"Niligonga bati," akasema. "Nikaita. Nimeita sana. Nikadhani mji mzima umehama."

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na ule unene niliojivunia ulikuwa umeondoka bila mimi kuuona ukiondoka. Juu, mwenye nyumba alikuwa amesimama kwenye ngazi za ghorofani na suruali imekunjwa. "Mimi nilisikia kugongwa," akaniambia. "Tangu saa nane. Nilidhani fundi wako amerudi." Hakuwa anajitetea. Kariakoo bati likigongwa ni mtu yuko kazini, nani ashuke kuuliza?

Kutoka kibaraza cha ng'ambo mama wa machungwa alivuka maji akaja na khanga kavu. Alimfunika mama mabega, akamfuta uso, akamwambia, "Pole bibi, mimi ningejua." Mama akamshika mkono. Mimi nilisema asante. Alinipa mgongo, na hakukosea.

Dada alikuja na gari jioni hiyohiyo akamchukua. Sikuwa na sauti ya kiume ya kukataa. Mabati niliyakata wiki ile, na Jumapili iliyofuata nikaenda Mbezi kwa sababu niliitwa. Dada alikaa kwenye kochi lake, shemeji pembeni akitazama zulia, mama kwenye kiti katikati yetu amefunikwa shuka la Kimasai. Dada hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu.

"Mimi nilisema grili," akaniambia. "Nani alikwambia uzibe? Nani alikwambia umzibe mama mle ndani kama panya?"

Nilikuwa na kidole gumba chake kwenye simu, nilitaka kukionyesha. Kisha nikatazama mikono ya mama, vifundo bado vimevimba kwa kugonga, nikairudisha simu mfukoni. Nilijua kinachofuata. Nilijua habari itapelekwa Moshi kwa ukoo, na itasemwa kwenye kila msiba kwa miaka.

"Ni mimi niliyemwambia," mama akasema.

Tukamgeukia.

"Mwanga wa mle ulikuwa unaniumiza macho. Tangu miwani iibiwe. Nikamwambia, baba, ziba yote. Yeye alitaka kuacha moja. Mimi nikakataa."

Alisema bila kunitazama, na bila kusita, mama ambaye alinicharaza fimbo utotoni kwa kusema nimefua wakati sijafua. Dada alinitazama mimi. "Ni kweli?" Shemeji naye akainua uso kutoka kwenye zulia. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Nikasema, "Ndiyo."

Dada ni mtu wa vitendo. Kesho yake alimpeleka mama kwa daktari wa macho, ambaye hakuona kitu cha maana, lakini dada hakumwamini. Akamnunulia miwani ya giza. Chumba alichompa mama ni kizuri kuliko vyote katika nyumba ile, kina dirisha kubwa linalotazama geti na barabara, watu wanapita, kuna duka ng'ambo na wanafunzi wanasimama pale kununua barafu. Dirisha hilo dada alilishonea mapazia ya kitambaa kizito, ya mikunjo miwili, yenye bitana nyeusi kwa ndani. Alinionyesha kwa fahari nilipokwenda tena.

Naenda kila mwisho wa mwezi. Mama anakaa kwenye kiti, kiwiko kwenye kizingiti, uso umeelekea pazia. Nimeshamwambia tukiwa wawili, "Mama, nitamweleza dada ukweli." Akanijibu, "Ukweli upi, baba? Umeshapita." Akaniuliza kama mama wa machungwa ameolewa, nikamwambia sijui.

Mwezi uliopita nilikuta pazia limeachia upenyo kidogo. Mstari wa jua ulikuwa umeangukia magoti yake, naye alikuwa ameinamisha kichwa kuufuata, anatazama geti, nadhani kuna mtu alikuwa anapita. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nikakaa kitandani nisimkatishe. Dada akaingia na chai, akaona.

"Hebu vuta hilo pazia vizuri," akaniambia. "Unajua macho yake."

Mama hakugeuka. Neno moja tu lilikuwa linatosha, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikaweka kikombe chini, nikainuka, nikalivuta.